Kula na kufanya mazoezi ukiwa chuo kikuu: mwongozo kamili unaoanzia kwenye ratiba ya masomo

Ukiingia chuo kikuu, mambo mawili hubadilika kwa mpigo. Hakuna tena mtu wa kukuita kwamba chakula kiko tayari, na hakuna tena siku mbili zinazofanana. Jumatatu kipindi cha kwanza ni saa 1 asubuhi, Jumanne huna kitu mpaka mchana, Jumatano maabara imeangukia katikati ya muda wa chakula. Wanafunzi wengi wakianza kula ovyo na kuacha mazoezi hujiita wavivu. Mimi sikubaliani nao. Mara nyingi kinachowaangusha ni ratiba iliyopangwa bila kuwaza tumbo wala miguu.

Marekani kuna msemo wa siku nyingi kwamba mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huongezeka paundi 15, karibu kilo 7. Tafiti zilipokusanywa pamoja, wastani ulionekana kuwa mdogo zaidi, kilo moja na nusu hivi. Kwa hiyo uzito wa mwaka wa kwanza si wa kukukosesha usingizi. Cha kushughulikia ni mazoea, kwa sababu hapa ndipo unapojipangia maisha mwenyewe kwa mara ya kwanza, na utakachokizoea kwa miaka mitatu au minne utaondoka nacho.

Mwongozo huu unaanza na saa, kisha chakula, kisha mazoezi. Nakushauri uufuate kwa mpangilio huo.

Hatua ya 1: Andika wiki yako ilivyo

Kwa siku 7, andika kwenye simu mambo manne tu: saa uliyokula, ulichokula, umetembea au kufanya mazoezi kwa muda gani, na saa uliyolala. Usipime chakula kwa mizani, usihesabu kalori, na usijirekebishe ili daftari lipendeze. Ukila biskuti saa 5 usiku, andika biskuti saa 5 usiku.

Wiki ikiisha, tafuta pengo refu kuliko yote kati ya mlo na mlo mchana. Halafu angalia ni saa ngapi hununua vitafunwa, na ni siku gani miguu yako haikufanya kazi kabisa. Mara nyingi utakuta vitafunwa vinakaa palepale pengo linapoishia. Mtu aliyeshinda kwa muda wa saa 8 bila kula hachagui tena chakula, huchukua kilicho karibu, na kilicho karibu huwa ni kitu cha kukaanga na soda. Ukiliziba pengo, nusu ya tatizo imeondoka bila kujinyima chochote.

Hatua ya 2: Ingiza milo na mazoezi kwenye ratiba

Chukua ratiba yako ya vipindi ya muhula mzima. Kabla hujapanga saa za kujisomea, weka milo mitatu ya kila siku, hata kama saa zake hazifanani siku hadi siku. Lenga usikae zaidi ya muda wa saa 5 hivi bila kula chochote mchana. Pale ambapo vipindi vimefuatana bila mapumziko, andika wazi: "nabeba chakula". Siku hizo ndizo za kuandalia kitu usiku uliotangulia.

Kisha weka mazoezi, na uyafunge kwenye tukio badala ya saa. "Saa 12 jioni" huliwa kirahisi na kikao cha kazi ya kundi. "Baada ya kipindi cha mwisho cha Jumanne, kabla sijarudi chumbani" ni ngumu zaidi kuipoteza. Maneno hayo ya mwisho, kabla sijarudi chumbani, yana uzito mkubwa kuliko yanavyoonekana. Ukishaingia chumbani, ukavua viatu na kukaa kitandani na simu mkononi, mazoezi ya siku hiyo yameshaondoka. Beba viatu na nguo za mazoezi kwenye begi asubuhi.

Kiasi gani kinatosha? Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unawataka watu wazima wafanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki, au mazoezi mazito kwa dakika 75 hadi 150, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili. Dakika 150 ni nusu saa kwa siku tano. Kutembea haraka kwenda darasani na kurudi kunahesabika, hata ukigawa katika vipande vya dakika 10. Kuna njia rahisi ya kujua kama unatembea kwa kasi inayofaa: unaweza kuongea sentensi nzima lakini huwezi kuimba. Ukiona pumzi inakatika baada ya maneno machache, hayo ni mazoezi mazito.

Hatua ya 3: Rekebisha mlo wa kwanza

Si lazima ule alfajiri. Wapo ambao tumbo halifunguki mpaka saa 4 asubuhi, na hakuna ubaya wowote. Lililo muhimu ni kwamba mlo huo, saa yoyote utakayoula, usiwe chai ya sukari na mkate mweupe peke yake. Utashiba, ndiyo, lakini kabla kipindi cha pili hakijaisha utakuwa unatafuta kitu kingine. Ongeza protini na nyuzinyuzi: mayai mawili ya kuchemsha, au maziwa ya mtindi, au siagi ya karanga kwenye mkate wa ngano isiyokobolewa, pamoja na tunda.

Mayai yachemshwe jana yake usiku na kuhifadhiwa kwenye friji yakiwa na maganda. Shayiri ya uji (oats) huweza kulowekwa kwenye maziwa ndani ya chombo chenye mfuniko, ikakaa kwenye friji usiku kucha, ukaamka na kuila bila kuwasha jiko. Kwa mwenye kipindi cha saa 1, maandalizi hayo ya dakika tano usiku ndiyo yanayoamua kama atakula au hatakula.

Hatua ya 4: Panga sahani kwa macho

Huhitaji mizani. Nusu ya sahani iwe mboga na matunda, robo iwe wanga, robo iwe protini. Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku, kiasi ambacho kwa kawaida huhesabiwa kama vipimo vitano vya gramu 80.

Sahani nyingi za wanafunzi zimekaa kinyume: wanga robo tatu, mchuzi kidogo, na majani mawili ya mboga pembeni. Usianze kwa kupunguza wanga, maana utabaki na njaa na wiki ijayo utarudi kulekule. Anza kwa kuongeza: mboga mara mbili ya unayochukua sasa, na tunda moja baada ya chakula cha mchana. Wanga utapungua wenyewe kwa sababu nafasi tumboni imeshachukuliwa.

Kuhusu protini, mtu mzima asiye na mazoezi makubwa anahitaji karibu gramu 0.8 kwa kila kilo ya mwili. Mwenye kilo 60 anahitaji gramu 48 hivi. Yai moja lina gramu 6, glasi ya maziwa ina kama gramu 8, kikombe cha maharage yaliyopikwa kina karibu gramu 15. Anayenyanyua vyuma kwa bidii hunufaika na kiasi kikubwa zaidi, gramu 1.4 hadi 2 kwa kilo, na hata hicho hupatikana kwenye chakula cha kawaida. Poda za protini zinazosifiwa kwenye ukumbi wa mazoezi si sharti la kupata misuli. Kama pesa ni ya mawazo, nunua maharage, mayai na dagaa.

Wasichana waangalie madini ya chuma kwa makini. Kwa sababu ya hedhi, viwango vinavyotumika Marekani vinampa mwanamke wa umri huu miligramu 18 kwa siku, na mwanamume miligramu 8 tu. Uchovu usioisha, kizunguzungu ukisimama na kuhema ukipanda ngazi chache vinaweza kuwa upungufu wa damu, na kipimo chake ni rahisi. Chuma cha kwenye maharage na mboga za majani hufyonzwa vizuri zaidi kikiliwa pamoja na vitamini C, kwa mfano chungwa au nyanya mbichi. Chai na kahawa hukizuia, basi zisogezwe mpaka saa moja baada ya chakula.

Vinywaji navyo visisahaulike. Chupa ya soda ya mililita 330 huwa na sukari karibu gramu 35. Shirika la Afya Duniani linataka sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, ambayo kwa mtu anayekula kalori 2,000 ni gramu 50. Soda mbili zimeshavuka mpaka, na bado hujanywa chai. Maji yatoshe mpaka mkojo uwe wa njano hafifu. Basi, hapo huhitaji hesabu nyingine.

Hatua ya 5: Jifunze kupika sufuria moja ya maharage

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu mwanafunzi anayeweza kupika maharage vizuri ana chakula chenye protini, chuma na nyuzinyuzi kwa gharama ndogo, na haokolewi tena na vitafunwa.

Chambua maharage usiku, toa mawe na yaliyooza. Osha, kisha yaloweke kwenye maji mengi, angalau mara tatu ya ujazo wake, kwa sababu yatavimba. Asubuhi au jioni ya siku inayofuata mwaga maji yale, suuza, weka maji mapya. Washa moto mkali mpaka yachemke kwa nguvu, yaani mapovu yapande na mfuniko utikisike, na uyaache yachemke hivyo kwa dakika 30. Hatua hii usiiruke. Maharage, hasa mekundu, yana sumu ya asili inayoharibiwa na mchemko mkali, na ambayo moto mdogo hauiondoi. Anayekula maharage yaliyoiva nusunusu anaweza kutapika na kuharisha ndani ya saa chache. Kwa hiyo usiyaweke mabichi kwenye jungu la umeme la moto mdogo ukaenda darasani.

Baada ya hapo punguza moto, yaive taratibu. Bonyeza punje moja kwa vidole viwili: ikipondeka bila kubaki kiini kigumu katikati, imeiva. Chumvi na nyanya zingoje mpaka wakati huo, kwani nyanya ikitangulia huchelewesha kulainika. Kaanga kitunguu kwa mafuta kidogo, weka nyanya, karoti na mboga za majani zilizokatwa, kisha mimina maharage. Umepata milo minne au mitano.

Kama una friji, gawa kwenye vyombo vidogo ili chakula kipoe haraka, kiingie kwenye friji ndani ya saa 2, na kiliwe ndani ya siku 3 au 4. Kama huna friji, pika kinachoisha siku hiyo. Wali uliobaki unahitaji uangalifu zaidi. Wapo bakteria ambao mbegu zao huvumilia kuchemshwa, na wali ukikaa nje kwa joto la chumba huzaliana na kutoa sumu ambayo kuupasha moto hakuiondoi. Wali uliolala mezani usiku kucha utupwe, hata kama haunuki.

Wanaoishi hosteli isiyoruhusu jiko wana njia finyu, lakini ipo: matunda, karanga zisizo na chumvi, mtindi, samaki wa kopo, karoti na nyanya mbichi zilizooshwa vizuri. Hivyo vinakuzibia pengo, na mlo mkubwa utaupata kwenye mgahawa wa chuo, ukijua sasa namna ya kuigawa sahani.

Hatua ya 6: Mazoezi ya chumbani, mara mbili kwa wiki

Kutembea unakopata njiani kunashughulikia moyo na mapafu. Misuli inahitaji kazi yake. Huhitaji kadi ya ukumbi wa mazoezi. Unahitaji nafasi ya kulala chali, meza imara, kiti, na begi lako la vitabu. Kabla ya kuanza, pasha mwili joto kwa dakika tano kwa kutembea papo hapo na kuzungusha mabega.

Anza na kukaa na kuinuka. Simama mbele ya kiti, miguu upana wa mabega, shuka taratibu mpaka makalio yaguse kiti, kisha inuka bila kujitupa mbele. Magoti yaelekee kule vidole vya miguu vinakoelekea, yasiingie ndani. Mara 10.

Kisha pushapu, na hapa ndipo wengi wanapokata tamaa kwa sababu wanaanzia sakafuni. Anzia kwenye meza iliyoegemezwa ukutani. Weka viganja kwenye ukingo, upana unaozidi mabega kidogo, rudisha miguu nyuma mpaka mwili uwe mstari mmoja kutoka kisigino hadi kichwa. Kaza tumbo, shusha kifua karibu na ukingo huku viwiko vikielekea nyuma kwa mshazari, kisha sukuma. Ukiona kiuno kinabonyea, umechoka, simama hapo. Ukifika mara 12 kwa mizunguko mitatu na bado mwili unakaa sawa, shuka kwenye kitu kifupi zaidi, mfano ukingo wa kitanda, na baadaye sakafuni. Hakuna haraka. Wapo watakaofika sakafuni muhula ujao, na watakuwa wamejenga mabega kweli.

Halafu shika begi lenye vitabu kwa mkono mmoja, inama mkono mwingine ukiwa umeegemea kiti, mgongo umenyooka, na livute begi mpaka ubavuni. Mara 10 kila upande. Zoezi hili lina faida ya pekee kwa anayeshinda ameinamia kompyuta, maana linafanyisha kazi misuli ya nyuma ya mabega. Malizia kwa kujishikilia juu ya viwiko na vidole vya miguu, mwili umenyooka kama ubao, sekunde 20.

Rudia mzunguko huo mara mbili wiki mbili za mwanzo, mara tatu kuanzia wiki ya tatu. Itachukua kama dakika 25. Acha angalau siku moja katikati.

Kesho yake na keshokutwa misuli itauma, na ni kawaida. Huisha ndani ya siku 3 hivi. Maumivu makali ya ghafla kwenye kiungo ni jambo jingine, hapo unaacha. Na ukiwahi kufanya mazoezi mazito mno kisha mkojo ukawa wa rangi ya chai nzito, nenda hospitali siku hiyohiyo. Ni dalili kwamba misuli imeharibika kiasi cha kuhatarisha figo. Hutokea zaidi kwa mtu ambaye hajazoea akashindana na waliozoea, ndiyo maana nasisitiza kuanza kidogo.

Anayependa mpira, dansi au mbio asiache kwa ajili ya orodha hii. Mchezo wenye wenzako wanaokusubiri uwanjani hudumu kuliko mpango wowote wa peke yako.

Hatua ya 7: Panga wiki za mitihani mapema

Mipango mingi hufia hapa. Mtihani unakaribia, mazoezi yanafutwa, chakula kinageuka kahawa na biskuti, na baada ya mitihani hakuna kinachorudi. Andika sasa hivi, kabla ya msimu huo, kiwango chako cha chini ambacho hutakivunja. Mimi napendekeza hiki: milo miwili kamili kwa siku, kutembea dakika 10 baada ya kila mmoja, mzunguko mmoja wa mazoezi ya chumbani kwa wiki, na kulala. Kutembea baada ya kula husaidia kushusha sukari ya kwenye damu, na kunakuondoa kitini ambako umekaa toka asubuhi.

Usingizi usiuguse. Mtu mzima anahitaji saa 7 au zaidi, na ni usingizini ambapo ubongo huimarisha kile ulichokisoma mchana. Anayekesha anaviondoa kwa mkono mmoja vitu alivyoviweka kwa mwingine.

Kafeini itumie kwa hesabu. Nusu yake hubaki mwilini kwa takriban saa 5. Kikombe cha kahawa chenye miligramu 100 ukikinywa saa 11 jioni, saa 4 usiku bado una miligramu 50. Basi kikombe cha mwisho kiwe mchana. Kwa mtu mzima mwenye afya, miligramu 400 kwa siku ndicho kikomo kinachotajwa sana, na kopo la mililita 500 la kinywaji cha kuongeza nguvu mara nyingi lina kama 160, pamoja na sukari nyingi. Moyo ukianza kwenda mbio au mikono ikitetemeka, umeshazidisha.

Hatua ya 8: Jua dalili za kula na mazoezi kugeuka ugonjwa

Matatizo ya ulaji huanza mara nyingi katika ujana na miaka ya mwanzo ya utu uzima, umri uleule wa chuo, na huwapata wasichana na wavulana. Jiangalie: unaruka milo makusudi na kujisikia umeshinda, unajitapisha, unakula kwa kujificha, unakimbia kama adhabu ya ulichokula, au unakataa kila mwaliko wenye chakula. Kwa msichana, kukosa hedhi kwa miezi mitatu mfululizo akiwa hana mimba ni sababu tosha ya kumwona daktari. Ukijiona kwenye sentensi hizi, weka kando mwongozo huu wote, hata ile daftari ya hatua ya 1, kwa sababu kuandika kila unachokula kunaweza kukuzidishia.

Na ukimwona mwenzako wa chumba yuko hivyo, usimsifie kwa kupungua, wala usimpigie kelele ale. Mtafute mkiwa wawili, umwambie ulichokiona: "Siku hizi huli na sisi, na nimekusikia ukitapika juzi na jana. Nina wasiwasi na wewe." Akikataa, usibishane, mwache na umrudie siku nyingine. Akikubali, ulizia saa za kliniki ya chuo au za mshauri wa wanafunzi, umsindikize mpaka mlangoni, na umngoje atoke. Akizimia, akitapika damu au akisema anataka kujidhuru, usisubiri akubali: ita msaada wa dharura papo hapo.